Rangi mpya, bomba la zamani

Wakaaji wenzangu wa Dilala, anayerekebisha nyumba ya zamani huanza na mabati na rangi. Bomba la maji analiacha ardhini. Lakini Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937, na kuna mabomba ambayo hakuna anayekumbuka ni ya chuma gani.

Likwaruze kwa kisu. Likiwa laini, likang'aa kama fedha, na sumaku hainati, hilo ni la risasi, ambayo Wafaransa wanaita plomb. Maji yakilala ndani yake yanabeba sumu isiyoonekana wala kuonjeka, inayoharibu akili ya mtoto. Kuchemsha hakuiondoi.

Maoni yangu: mwenye pesa ya rangi aanze na bomba. Tena alitoe lote. Kukata kipande tu kunatikisa risasi iliyobaki, nayo inazidi kuingia majini.

Nanyi mliohama makwenu, ombeni kuliona bomba kabla ya kutoa garanti. Mkiwa tayari mnaishi humo, maji ya kwanza ya asubuhi yawe ya kupiga deki, si ya uji wa mtoto.

Mwenye nyumba, garanti uliyopokea ni ya nyumba, pamoja na maji yake.