Pingu za Maisha na Pingu za Kweli



Msimu wa harusi umeingia, na picha nazo zimeingia. Biharusi kavaa gauni jeupe, hina imekolea mpaka viwikoni. Bwana harusi kashika nondo za dirisha, anajifanya mfungwa. Chini yake wameandika: "Tumefunga pingu za maisha." Watu wanacheka, wanasema mashaAllah, wanatumiana. Mahali penyewe ni jengo la gereza la zamani, na siku hizi majengo ya aina hiyo yamekuwa kama studio ya maharusi.

Sisi tunaandika kutoka Kizota, Dodoma, mbali na bahari. Wengi wetu ni watu wa Unguja na Pemba tulioletwa huku na kazi, zetu au za waume zetu, serikali ilipohamia Dodoma. Wengine ni wenyeji wa hapa hapa. Tunakutana darasani Jumamosi baada ya Alasiri. Tuna neno juu ya picha hizo, na tunajua halitampendeza kila mtu.

Hatutaki kuzungumzia gauni wala kama picha inafaa au haifai. Hayo yamesemwa sana. Tunachouliza ni hiki: mbona gereza linatuchekesha likiwa tupu, na linatutia kinyaa likiwa na watu?

Tueleze tulichokiona. Binti mmoja wa darasa letu aliletewa barua ya posa. Binti msomi, mswalihina, mwenye adabu zake. Barua ikapokewa, mahari ikatajwa, wazee wakanywa chai. Kisha mtu akanong'ona: "Baba yake yuko ndani." Ni kweli, baba yake alikuwa mahabusu, kesi haijasikilizwa, hajahukumiwa kwa lolote. Haikupita wiki, upande wa mume wakaomba radhi na kuondoka. Sababu waliyotoa ni moja: "Sisi hatuwezi kuoa kwenye nyumba ya wafungwa." Miezi michache baadaye kijana yule akaoa kwingine, akaenda fungate Unguja, na picha ya kwanza aliyoituma ilipigwa kisiwani Changuu, kashika nondo. Mama yake ndiye aliyeisambaza kwa furaha kuliko wote.

Hapo ndipo ulimi wetu ulipofunguka.

Kwanza tuseme juu ya Changuu, maana wengi huenda na kurudi bila kujua walikuwa wapi. Kisiwa kile tunakiita Kisiwa cha Magereza, na watalii nao wamekariri hivyo. Lakini gereza lililojengwa pale miaka ya 1890, kwa amri ya Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Sultani, halikupata kutumika kama gereza. Liligeuzwa karantini ya kuzuilia wasafiri waliohofiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza. Kabla ya hapo husimuliwa kuwa kisiwa kilitumiwa kuwazuilia watumwa walioonekana wakaidi. Kwa hiyo kama kuna wa kukumbukwa pale, ni wagonjwa waliotengwa na jamaa zao, na watumwa ambao majina yao hatuyajui. Mfungwa anayeigizwa kwenye picha za fungate hakuwapo.

Na sisi wa bara ya kati tusijitoe katika habari hiyo. Misafara ya pembe na ya watumwa kutoka Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo, ikapita Mpwapwa, ikashuka mpaka Bagamoyo, na wengine wakavushwa mpaka soko la Unguja, soko lililofungwa mwaka 1873. Njia yao ilipita huku huku tunakoishi.

Magereza ya kweli ya pwani yalikuwa kwingine. Ngome Kongwe ya Unguja, ile ya Forodhani, iliwahi kutumika kama gereza karne ya 19. Ngome ya Lamu ilikuwa jela kuanzia 1910 mpaka 1984, kisha ikakabidhiwa mamlaka ya makumbusho. Hesabu mwenyewe: mtu wa Lamu mwenye miaka hamsini na kitu anaweza kukumbuka ilipokuwa jela. Mke wa mfungwa aliyepanga foleni pale huenda yu hai leo, na anapita kila siku mbele ya mlango ambao wewe unauona mzuri kwa picha.

Fort Jesus ya Mombasa ndiyo tuliyoingia sisi. Tulikwenda kusindikiza harusi, tukapata siku moja ya mapumziko, tukakubaliana tusiimalize madukani. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waomani waliizingira tangu 1696 wakaiteka 1698. Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, na makumbusho yakafunguliwa 1962. Mwaka 2011 ikaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Hata neno letu "gereza" wataalamu wa lugha wengi wanalirudisha kwa Wareno: kwao igreja ni kanisa. Ndani ya ngome mlikuwa na kanisa, ngome ikawa jela, na neno likabaki kwetu likiwa na maana ya jela.

Tulipita tukaona mizinga, vyombo vya udongo, mali zilizotolewa katika meli ya Wareno iliyozama, na Nyumba ya Waomani. Vitu vizuri, na vimetunzwa. Lakini tulipotoka tuliulizana swali moja: wafungwa wako wapi? Jela ile ilidumu miaka 63. Kwa miaka 63 kulikuwa na mama wa mtu nje ya lango lile. Kulikuwa na mke aliyelea watoto peke yake, na binti aliyeambiwa mtaani "baba yako jela." Habari za Wareno tuliondoka nazo nyingi. Za wanawake hao hatukuondoka na hata moja.

Linganisha na Robben Island ya Afrika Kusini. Kisiwa kile kilifungia wapinzani wa ubaguzi wa rangi, Nelson Mandela akiwamo, na kimekuwa makumbusho tangu 1997. Huko, miongoni mwa wanaowatembeza wageni ndani ya seli ni watu waliofungwa humo humo. Anayekuonyesha kitanda ndiye aliyekilalia. Mbele ya mtu huyo, nani atashika nondo acheke?

Sasa tuje kwenye dini, maana wanaovunja posa hizi husema wanafanya hivyo kwa ajili ya dini.

Sura nzima ya Qur'ani ina jina la Nabii Yusuf (a.s.), na sehemu kubwa ya kisa chake kimo gerezani. Aliingia humo msafi, kwa uongo wa wakubwa, akakaa miaka. Imam Abu Hanifa (r.a.) alifungwa Baghdad, na wanahistoria wengi wanasema alifia kifungoni mwaka 150 Hijria. Imam Ahmad bin Hanbal (r.a.) alifungwa na kupigwa kwa kukataa kusema alichotakiwa na watawala aseme juu ya Qur'ani. Na karibu na zama zetu, Imam Abdullah Haron wa Cape Town alikamatwa mwezi wa Mei 1969, akafa mikononi mwa polisi tarehe 27 Septemba mwaka huo huo. Walisema ameanguka kwenye ngazi. Mwaka 2023 mahakama ya huko ikatamka kuwa aliteswa. Ilichukua miaka 54. Mjane wake alifariki 2019, kabla ya kuisikia hukumu hiyo.

Tuwaulize mama wa bwana harusi: binti wa Imam Haron angekuja kwenu mwaka 1970, mngempokea? Au mngesema "nyumba ya wafungwa"?

Mtatujibu kuwa si kila mfungwa ni Yusuf. Kweli kabisa. Wapo waliodhulumu, walioiba mali ya yatima, waliomwaga damu. Aliyedhulumiwa ana haki yake na sisi hatumwombei dhalimu aachwe. Lakini kosa ni la aliyelitenda. Qur'ani imekariri mara nyingi kwamba nafsi haibebeshwi dhambi ya nafsi nyingine. Binti wa mwizi hakuiba. Na mahabusu hata mwizi hajawa, mpaka hakimu aseme.

Mtatujibu tena kuwa tumeamrishwa kutazama kufu. Haya, tazameni kufu. Ulizeni anaswali? Ana ulimi mzuri? Anawatendeaje wazazi na majirani? Hayo ndiyo ya kuuliza kwa binti na kwa kijana pia. Kuuliza baba yake analala wapi na kuishia hapo ni uvivu wa kuuliza, na mtu asiupake rangi ya dini.

Na wapo wasemao ni nuksi, kwamba biharusi akigusana na habari za jela atabeba mkosi mpaka nyumbani kwake. Hao ndio wanaotushangaza zaidi, kwa sababu Mtume (s.a.w.) alikwisha kutukataza kuamini mikosi. Kisha nuksi hiyo ina macho ya ajabu: inamwona binti wa mahabusu, haiwaoni maharusi waliojifungia ndani ya jela ya zamani kwa ajili ya picha.

Hapa Dodoma tunaye jirani asiyetajwa kwenye vikao vya harusi: Gereza Kuu la Isanga. Haliko kwenye orodha ya vivutio, maana lina watu. Wake na mama zao tunaishi nao mitaani, tunapanda nao daladala, tunaswali nao safu moja. Wanajificha. Ukimuuliza mmoja mumewe yuko wapi, atakwambia kasafiri. Amejifunza kusema hivyo kwa sababu anatujua sisi wanawake wenzake. Katika Suratul Insan, Mola wetu amewasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa, na wao wenyewe wanakipenda chakula hicho. Mfungwa ametajwa safu moja na yatima. Sisi tumemtoa kwenye safu hiyo, yeye na watoto wake.

Basi hatusemi msiende makumbusho. Nendeni, tena nendeni wengi. Tumeamrishwa kutembea katika ardhi na kuzingatia yaliyowapata waliotutangulia, na mwanamke naye ameamrishwa. Ngome Kongwe yenyewe ina habari ya kumfurahisha mwanamke: mwaka 1949 ua wake ulitengenezwa ukawa kiwanja cha tenisi cha wanawake. Mahali palipokuwa jela, bibi zetu wakapata pa kucheza na kupumua. Hilo nalo linafaa kusimuliwa kwa biharusi.

Lakini mkienda, nendeni hivi.

Biharusi, piga picha uani, penye mwanga, na mumeo pembeni yako. Usiigize mfungwa. Kisha mwambie anayekutembeza: "Tueleze walioishi humu, na wake zao walikuwa wakija vipi." Mkiuliza watano, makumbusho yatatafuta jibu. Mkiuliza mia, wataandika ubao.

Mama wa bwana harusi, posa ikija na habari ya baba aliye ndani, muulize binti dini yake na tabia yake, kama ungemuuliza binti wa sheikh. Ukiridhika, chukua. Usiporidhika, sema sababu ya kweli, usimtie doa kwa jambo asilolitenda.

Na sisi sote, siku ya walima, kabla ya sinia ya kwanza kufika ukumbini, sinia moja ya pilau ifunikwe ipelekwe kwenye ile nyumba ambayo tunajua, na hatusemi, kuwa baba hayupo. Isipelekwe usiku wala kwa mlango wa nyuma. Biharusi mwenyewe aseme ipelekwe, na watu waione ikienda.

Binti yetu wa darasani bado hajaolewa. Bado anakuja kila Jumamosi, na kila Jumamosi anakaa karibu na mlango ili awahi kuondoka. Mwenye kijana mwema na moyo mpana, njia ya Kizota anaijua.

Ewe Mola, wafariji walio kifungoni kwa dhuluma, wape toba waliokosa, na uwasitiri watoto wao kwa sitara ambayo ndimi zetu haziwezi kuitoboa. Amin.

Wabillahi tawfiq.