HESABU YA KUINGIA CHUO KIKUU: TUIJUE SISI WENYEWE



Kila mwaka matokeo ya KCSE yakitoka, twasikia maneno yale yale: "Mtoto wangu ana B, na wa jirani ana B. Mbona wa jirani amepewa uinjinia, wangu amekosa?" Wengine husema ni hongo, wengine husema ni ukabila. Sisi twasema, tujue hesabu kwanza, ndipo tulalamike. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hesabu yenyewe ni hii. Alama A ni pointi 12, nayo E ni pointi 1. Masomo saba yakijumlishwa, ukomo ni pointi 84. Lakini kila kozi ina masomo yake manne, ambayo ukomo wake ni pointi 48. Kwa kanuni iliyozoeleka, pointi za masomo manne hugawanywa kwa 48, na pointi za masomo saba kwa 84. Majibu mawili yazidishwe, kitafutwe kipeuo cha pili, kisha kizidishwe kwa 48.

Tutazame watoto wawili, kila mmoja ana pointi 60, yaani B. Wote wataka uinjinia. Wa kwanza ana pointi 40 katika Hesabu, Fizikia, Kemia na somo la nne: atapata 37.03. Wa pili ana 32 katika masomo hayo hayo, kwa kuwa nguvu yake i katika lugha na historia: atapata 33.12. B ni moja, lakini wameachana karibu pointi nne, na nafasi ni chache. Hapo hakuna aliyeibiwa. Huyu wa pili alishauriwa vibaya, maana kwa kozi ya lugha huenda yeye ndiye angekuwa mbele.

Basi kosa li wapi? Li katika kuificha hesabu hii mpaka mtoto amekwisha kufanya mtihani. Mtoto huchagua masomo mapema, kabla ya mtihani. Mtoto wa tajiri ana wa kumweleza. Mtoto wa kuli, wa dereva, wa mchuma chai, ataelezwa na nani? Baba yake hukatwa mshahara kulipa karo, wala hajui analipia njia gani.

Watoto waliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 watafanya KCSE mwaka 2027. Hata mitaala ikibadilika, uchaguzi wa masomo utabaki kuwa mlango.

Kwa hivyo twataka mambo mawili. Shule zieleze hesabu hii kwa wazazi, kwa Kiswahili, kabla ya masomo kuchaguliwa. Na kila tawi la chama litenge Jumapili moja, wanachama waje na watoto wao na kalamu, hesabu ifanywe hadharani.

Tulijifunza kusoma karatasi ya mshahara ili tusipunjwe. Na hii tujifunze.

Umoja ni nguvu.