Rozari ya Bibi

Mabishano ya hosteli kuhusu Maria hunirudisha nyumbani Magindu. Bibi alipofariki, jumuiya ilikuja kusali rozari. Mjomba wangu, ambaye ameokoka, akatoka nje: "Mnamwabudu Maria." Akakaa chini ya mwembe mpaka tukamaliza, kwenye msiba wa mama yake mzazi!

Mimi nadhani tunakwazana kwenye neno "kuomba". Tunaomba chumvi kwa jirani, tunaomba radhi, tunamwomba Mungu. Neno ni lile lile. Ila kwenye rozari Maria anaambiwa "utuombee". Sasa kama angekuwa mungu, angetuombea kwa nani? Mtaguso wa Nikea wa mwaka 787 ulishaweka mpaka: kuabudu ni kwa Mungu peke yake, watakatifu wanapewa heshima. Na shikamoo je? Asili yake ni kushika miguu, na mjomba anaiitikia kila siku bila wasiwasi.

Lakini Wakatoliki wenzangu, tusijifanye. Wapo kati yetu wanaoigusa sanamu kila siku na Biblia hawaifungui, halafu tunashangaa kuulizwa. Mimi mwenyewe siku ile nilikosa jibu. Nilimpelekea mjomba chai tu, pale mwembeni.