Saa za Darasa Si za Bodaboda

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi mishahara miwili. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 likaulegeza mwiko huo. Kwa hiyo mwalimu wa Naliendele anayepalilia mikorosho yake jioni, au mwenye bodaboda, hana kosa, anajitegemea. Kosa ni kuiba saa za darasa na kuficha mapato. Sheria imemwondolea kodi ya mapato mchuuzi ambaye mauzo yake ya mwaka hayafiki shilingi milioni 4. Msamaha huo ni wa mnyonge. Mtumishi wa umma anayejificha nyuma yake, hali mshahara wake mwenyewe watoka katika kodi za wenzake, huyo ni mnyonyaji. Wahenga walinena: mshika mawili, moja humponyoka. Isiwe kazi ya umma ndiyo inayoponyoka.