Gari la kasi lenye kiti cha mtoto nyuma: linanunuliwa kwa ajili ya nani?

Baba mmoja msomaji wa ukurasa huu ametuletea swali ambalo naamini halimhusu yeye peke yake. Ana watoto wawili, mkubwa ana miaka sita na mdogo ametimiza mwaka. Familia inatumia Toyota Noah ya siku nyingi ambayo sasa haikauki kwa fundi. Anataka kuiuza, aongeze akiba yake na kuagiza Volkswagen Golf GTI. Hoja yake ni kwamba gari hilo lina milango mitano, viti vitano na buti, kwa hiyo ni gari la familia kama mengine. Mke wake anasema hilo ni gari la kijana asiye na majukumu, na kwamba mwenzake aseme wazi kuwa analitaka yeye, asiwasingizie watoto.

Wiki hii tulitazame jambo hili kwa utulivu. Nasema kwa utulivu kwa sababu baada ya nyumba na ada za shule, gari ndiyo fedha kubwa ambayo wazazi wengi hutoa kwa mkupuo. Likinunuliwa kwa mabishano, mabishano hayo huendelea kila linapokwenda kwa fundi.

Wazo lenyewe lilianzaje

Baba huyu hajabuni hoja yake. Golf GTI ya kwanza ilioneshwa kwenye maonesho ya magari ya Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1975, na mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa. Ilikuwa Golf ya kawaida, gari dogo la kwenda kazini na sokoni, iliyowekewa injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 110. Ilikuwa na uzito wa kilo mia nane na kidogo, na iliweza kufika kilomita 182 kwa saa. Kampuni ilipanga kutengeneza magari 5,000 tu. Hadi toleo hilo la kwanza linafikia mwisho, yalikuwa yameuzwa zaidi ya 460,000.

Lilipendwa kwa sababu rahisi. Mtu mwenye mshahara wa kawaida hawezi kuwa na gari la starehe na gari la watoto kwa wakati mmoja. Hapa alipata moja linalofanya kazi zote mbili: Jumatatu linapeleka mtoto shule, Jumamosi linampa mwenyewe raha ya kuendesha. Kwa hiyo baba anaposema ni gari la familia, ana haki. Mama anaposema ni gari la kujifurahisha, naye ana haki. Lilitengenezwa kwa makusudi liwe yote mawili.

Farasi wakizidi, begi linakosa nafasi

Tatizo ni kwamba magari ya kundi hili hayalingani. Yamepangika kama ngazi, na kila unapopanda kidato, familia inapoteza kitu.

Chukua Golf ya toleo la saba, lililotoka mwishoni mwa mwaka 2012. Buti lake lina lita 380, na la GTI ya toleo hilo ni hivyo hivyo, ingawa injini yake ya lita 2.0 ina nguvu za farasi 220. Panda kidato kimoja hadi Golf R yenye farasi 300, buti linashuka hadi lita 343. Panda tena hadi Audi RS3 ya sasa yenye farasi 400, linabaki lita 282. Sababu iko chini ya sakafu ya buti. Magari hayo yanasukuma tairi zote nne, na vyuma vinavyopeleka nguvu kwenye tairi za nyuma vinahitaji mahali pa kukaa.

Mercedes-AMG A 45 S, iliyotoka mwaka 2019, ina farasi 421 na inatoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.9. Hiyo ni kasi ambayo zamani ilikuwa ya magari ya mbio ya watu wawili. Ina viti vitano, ni kweli. Lakini anayelipa fedha nyingi hivyo analipia zile sekunde. Viti vya nyuma ni nyongeza.

Jibu langu la kwanza basi ni hili: vidato vya chini, mfano GTI, vinaweza kuihudumia familia kwa haki. Vidato vya juu ni vya mpenzi wa kuendesha ambaye kwa bahati nzuri ana watoto wadogo.

Wapenzi wa mwendo nao wananung'unika

Msidhani wapenzi wa magari wamefurahi kabisa. Wengi wao wanalalamika kwamba magari haya yameharibiwa na mahitaji ya watu kama sisi. Yamekuwa mazito: GTI ya toleo la saba inazidi kilo 1,300. Yamekuwa ya giya za kujibadilisha: tangu toleo la nane lilipofanyiwa maboresho mwaka 2024, GTI haiuzwi tena na giya za mkono. Kwao hiyo ni sawa na kumnyang'anya mpishi mwiko.

Lakini tazama uzito huo umekwenda wapi. Sehemu kubwa ni bodi imara zaidi, mifuko ya hewa, breki kubwa na vifaa vya kuzuia gari kuteleza. Golf ya toleo la saba ilipata nyota tano katika majaribio ya usalama ya Euro NCAP mwaka 2012. Kile wanachokililia wapenzi wa mwendo ndicho mzazi anachokinunua. Katika hilo, familia imeshinda.

Barabara zetu hazikuwapo kwenye mpango

Sasa turudi nyumbani. GTI nyingi za toleo la saba huja na rimu za inchi 18 na tairi zilizoandikwa 225/40. Namba ya pili inaeleza urefu wa ubavu wa tairi: asilimia 40 ya milimita 225, yaani sentimita 9. Noah ya baba huyu kwa kawaida huvaa tairi za 195/65, ambazo ubavu wake unakaribia sentimita 13. Tofauti ya sentimita nne ni ndogo ukiisoma kwenye simu. Ukiingia shimo usiku, mvua inanyesha na watoto wamelala nyuma, sentimita hizo ndizo zinazoamua kama utaendelea na safari au utasimama kando ya barabara na rimu iliyopinda.

Kama moyo umeshaamua, angalau tafuta yenye rimu za inchi 17 na tairi za 225/45. Ubavu wake ni sentimita 10 na kidogo, na raha ya kuendesha haipungui kiasi cha kusikitisha.

Jambo la pili ni giaboksi. Golf za injini ndogo ya lita 1.4 za toleo la saba, ambazo wengi huzichagua wakidhani ni salama zaidi kwa mfuko, hutumia giaboksi ya giya saba yenye klachi kavu. Machi 2013, Volkswagen iliyarudisha kwa matengenezo zaidi ya magari 384,000 nchini China kwa kasoro za giaboksi za aina hiyo. Mwendo wa kusogea na kusimama kwenye foleni ya joto ndio unaozichosha. GTI ya giya sita hutumia klachi zinazooga kwenye mafuta, ambazo huvumilia zaidi, ila mafuta hayo lazima yabadilishwe kila kilomita 60,000. Kwa hiyo muulize muuzaji kumbukumbu za huduma. Gari linalong'aa lisilo na karatasi hata moja ya kubadilisha mafuta ya giaboksi ni gari la kuliogopa.

Jambo la tatu ni kodi. Injini ya GTI ina cc 1984, kwa hiyo iko chini ya mstari wa cc 2000 ambao hapa Tanzania ukiuvuka ushuru wa bidhaa unapanda. Audi RS3 yenye lita 2.5 inauvuka. Umri nao una bei yake: jirani zetu wa Kenya hawaruhusu kabisa kuingiza gari lililozidi miaka minane, na kwetu gari lenye umri mkubwa hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Piga hesabu yote mpaka namba inafungwa kwenye gari. Usiishie kwenye bei ya mnada wa Japani.

Kiti cha mtoto na mtu wa tano

Mama, hapa ndipo hoja yako ina nguvu kuliko unavyodhani.

Kanuni za Ulaya za viti vya kisasa vya watoto zinataka mtoto akae akitazama nyuma angalau hadi afikishe miezi 15, kwa sababu shingo yake bado ni laini. Mdogo wenu ana mwaka mmoja, kwa hiyo bado yumo. Kiti cha namna hiyo kinachukua nafasi ndefu, na mara nyingi kinalazimisha kiti cha mbele kusogezwa. Baba akiwa mrefu, magoti yake yatakutana na dashibodi.

Golf ina vishikio vya chuma vya kufungia viti vya watoto pembeni mwa siti ya nyuma, kulia na kushoto. Hilo ni jambo jema, na Noah nyingi za zamani zinaweza zisiwe navyo. Lakini ukishaweka viti viwili, katikati panabaki upenyo. Bibi akija kutoka kijijini atakaa wapi? Dada anayewasaidia kulea watoto je? Noah inabeba watu saba au wanane na ndoo ya samaki juu yake. Familia inayosafiri na ndugu kila mwisho wa mwezi haiwezi kujidanganya kwamba viti vitano vinatosha.

Kuna jambo jingine zito zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Ndani ya makazi ya watu, sheria yetu ni kilomita 50 kwa saa. GTI inafika hapo kabla hujamaliza kumwambia mtoto afunge mkanda. Gari haliui kwa sababu lina nguvu. Lakini linampa dereva jaribu jipya kila lori linapokuwa mbele yake, na kila baba anajijua mwenyewe mbele ya jaribu hilo. Kama unajua kwamba ukipitwa unakasirika, gari hili si lako, hata kama fedha unayo.

Majaribio matatu kabla ya kulipa

Kwanza, nendeni wote kulijaribu. Bebeni kiti cha mtoto, kifungeni, mkae kama mnavyokaa Jumapili. Wekeni butini kigari cha mtoto na mabegi mawili. Mama aendeshe pia, tena kwenye barabara ya vumbi yenye matuta, maana siku nyingi ni yeye atakayelitumia kupeleka watoto kliniki.

Pili, andikeni kwenye karatasi gharama za mwaka mzima: bima kubwa, tairi nne, huduma mbili na mafuta. Fungueni kifuniko cha tanki msome ni petroli ya daraja gani inayotakiwa. Wekeni karatasi hiyo karibu na ile ya ada za shule. Kama muhula mmoja wa ada lazima usogezwe ili gari litembee, jibu limepatikana.

Tatu, jiulizeni: gari likikaa kwa fundi wiki mbili likisubiri spea, watoto watafikaje shule?

Kwa baba na kwa mama

Baba, umeuliza kama GTI ni gari la familia. Kwa familia ya watu wanne isiyobeba ndugu mara kwa mara, yenye barabara ya lami hadi karibu na nyumbani na akiba ya dharura pembeni, ni gari la familia. Kwa maelezo yako, fedha ya kuuza Noah pamoja na akiba yote ndiyo inayokwenda kununua gari. Hapo sikubaliani nawe. Gari linalokula akiba yote siku ya kwanza halina cha kulihudumia siku ya pili. Subiri mwaka mmoja, mdogo atageuka kutazama mbele, nawe utakuwa umeweka fungu la tairi na giaboksi.

Lakini mama, usiichukulie hamu ya mwenzako kama utoto. Mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya watoto ana haki ya kupenda kitu. Aseme tu kwamba anakipenda, na nyote wawili mkiwekee bei. Hamu iliyotajwa mezani hupangiwa bajeti kama mahitaji mengine. Ile inayofichwa nyuma ya majina ya watoto ndiyo inayoleta ugomvi.

Tukutane wiki ijayo.