UHARIRI: TUSISINGIZIE MBEGU, TUHAME TUTA



Kiangazi kilichopita kitalu cha ushirika kiligawa miche ya kabichi kwa kila nyumba iliyoomba. Nyumba nyingi hazikupata hata kichwa kimoja, watoto wakala ugali na chumvi. Maneno yakaanza: ati mbegu mbovu, ati kamati imekula pesa. Wengine wanasema mwaka huu hawatoi mchango wa mbegu ng'o!

Sisi tumezunguka bustani kwa bustani, tumeona kwa macho. Miche ile ile, ya kitalu kile kile, ilifunga vichwa vizuri kwa wale walioipanda palipokuwa na maharage. Iliyooza ni ile iliyorudishwa kwenye tuta la kabichi la mwaka juzi na mwaka jana. Bustani ya ofisi yetu ni mojawapo. Hapo hatuna wa kumlaumu, tulikosea wenyewe.

Ugonjwa huu tuujue. Jani huanza kuwa manjano ukingoni, mfano wa herufi V tuliyoisoma kisomoni. Mishipa huwa myeusi, mwisho kichwa kinaoza na kunuka. Vijidudu vyake hukaa katika masalia ya shambani, na pia huweza kuja na mbegu. Sukuma wiki, figili na haradali ni ndugu wa kabichi, nazo huugua. Basi kung'oa kabichi na kupanda sukuma wiki pale pale, jamani, huko si kuhama.

Tufanye hivi:

1. Tuta lililooza lisipandwe kabichi wala ndugu zake kwa miaka 2 hadi 3. Tupande maharage, vitunguu au mahindi.

2. Masalia yang'olewe yote na kuchomwa. Yasitupwe kwenye shimo la mboji.

3. Miche ihamishwe ikiwa na wiki 4 hadi 6, wakati wa jioni. Mche hadi mche sentimita 45, yaani shubiri mbili. Mstari hadi mstari sentimita 60, karibu shubiri tatu. Tusibananishe.

4. Samadi iwe imeoza vizuri, isiwe mbichi.

5. Tumwagilie shinani, si juu ya majani. Tusipalilie majani yakiwa na umande, maana tunausambaza ugonjwa kwa mikono yetu.

Kamati nayo ina wajibu wake. Kitalu kihamishwe. Mbegu inunuliwe katika pakiti iliyofungwa, na stakabadhi zibandikwe hapa hapa ubaoni. Anayesema pesa zimeliwa aje azisome mwenyewe. Kama hajui kusoma, aje darasani jioni, nafasi ipo.

Mwaka 1972 pale Iringa tuliambiwa Siasa ni Kilimo. Lakini siasa ya kulaumiana haijawahi kufunga kichwa cha kabichi. Tutoe mchango, tuhame tuta, tule mboga.

Katibu