Mgonjwa wa selimundu aaminiwe mapema

Aprili 2019, kijana wa miaka 21 mwenye selimundu, akiwa amelazwa hospitalini London, alipiga simu ya dharura, 999, kuomba oksijeni. Alifariki mwezi huohuo.

Tangu 2012 mwongozo wa tiba Uingereza unataka anayefika hospitalini na maumivu makali ya selimundu apewe dawa ya maumivu ndani ya dakika 30. Ripoti ya wabunge ya 2021 ilieleza jinsi wagonjwa wanavyocheleweshwa, wengine wakishukiwa kusaka dawa za kulevya. Ajabu!

Katika selimundu, chembe nyekundu za damu zilizopinda huziba mishipa midogo na kuleta maumivu, na hakuna kipimo cha damu kinachopima maumivu hayo. Ushahidi ni kauli ya mgonjwa. Basi faili lake liwe na mpango wa tiba ambao daktari yeyote wa zamu ataufuata, hata saa nane usiku.